Mwalimu Asiyejua Maji Yalipo

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba na vyungu jikoni kama sisi, alikuwepo Ndovu mmoja aliyefiwa na mkewe. Mke huyo alitangulia mbele ya haki, akamwachia binti mdogo, Kidawa. Mama huyo ndiye aliyekuwa akiwachimbia maji kila kiangazi, mto unapobaki mchanga mtupu.

Sasa kiangazi kilikuwa kinapiga hodi. Asiyejua kuchimba maji hufa kwa kiu, na Kidawa hakujua. Ndovu akamwita Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, asiyefika hata kwenye ukucha wa Ndovu.

"Bi Sange, nifundishie mwanangu. Wewe uliza, maji yako wapi? Yeye ajibu, chini ya mchanga. Arudie mara mia, mpaka yamwingie."

"Nimesikia, mzee wangu."

Siku ya tatu Ndovu akaenda mtoni kusikiliza somo la Kidawa na watoto wa jirani yao Ngiri. Akajificha nyuma ya kijiti, ingawa tumbo lote lilikuwa nje. Hakusikia watoto wakirudia kitu. Alisikia vicheko.

Kwaru, kwaru, kwaru. Sange alikuwa anachimba.

"Mbona hayatoki?" Sange aliuliza.

"Mwalimu, hilo ni jiwe," alisema mtoto mmoja wa Ngiri, akijishika mbavu.

"Ala. Basi nichimbe wapi?"

"Hapa."

"Kwa nini hapa?"

"Basi tu."

"Basi tu hainyweki, mwanangu. Chimba tuone."

Wakachimba, pakawa pakavu. Wakabishana, wakahamia kwingine. Kidawa alikuwa akinusa mchanga, akisogea, akinusa tena.

Ndovu akarudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Je, ameleta mwalimu, au ameleta mwanafunzi mwingine? Anauliza yeye, wanajibu watoto. Hata sala ya alasiri aliisali nusu, akaanza upya.

Kesho yake mambo yakazidi. Sange alichimba jikoni, karibu na mafiga, na watoto wakamtoa nje wakimweleza kwa zamu kwa nini maji hayakai hapo. Ndovu alitazama, asielewe chochote.

Siku ya saba mto ukakauka kabisa.

"Bi Sange, funga mizigo yako," Ndovu akasema. "Mwanangu atakufa kwa kiu, na wewe hujui kitu."

"Kweli, mzee wangu. Basi nionyeshe wewe, niondoke nikiwa nimejua."

Ndovu akashuka mtoni. Akasema kwa sauti nzito, "Maji yako chini ya mchanga." Akachimba. Puu, puu, vumbi likamjaa machoni. Akasogea, akachimba tena mpaka magotini. Mchanga mkavu. Akasimama katikati ya mto, hajui kulia wala kushoto. Maneno alikuwa nayo yote, hakuna hata moja lililokosekana. Maji ndiyo hayakuwepo.

Sange alikuwa anatazama mawingu, kana kwamba mambo hayo hayamhusu.

"Baba," Kidawa akasema polepole, "hebu sogea kidogo."

Akaenda kwenye kona ya mto, akanusa. Akasimama mahali ambapo vipepeo watatu walikuwa wametua mchangani. Akachimba kwa mguu, kisha kwa mkonga, na watoto wa Ngiri wakizuia kingo zisiporomoke. Mchanga ukawa mweusi. Kisha, chwii, maji.

Wakanywa wote. Ndovu akamshukuru Mwenyezi Mungu, halafu akamgeukia Sange.

"Kumbe ulikuwa unajua."

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona kila siku ulikuwa unakosea?"

"Ningepatia mimi, mzee wangu, wao wangebaki na kazi gani?"

Ndovu akatikisa masikio. Bado hakuelewa sawasawa. Mwenye kukosea ndiye mwalimu, na aliyefundishwa ni nani?

"Kidawa," akasema, "umejuaje kuwa ni hapa?"

Kidawa akafuta mkonga wake.

"Wewe unaonaje, Baba?"

Ndovu akapiga magoti, yeye na ukubwa wake wote, akaanza kuunusa mchanga.

Nami naishia hapa, wanangu: mtoto hulijua kwa hakika lile alilolitafuta mwenyewe.