Chuma Kilichoitwa Kigumu

Wapendwa, leo nataka niwapeleke karakana. Ndiyo, karakana, kule kwenye kelele na harufu ya chuma kilichopata moto.

Alikuwapo mama mmoja, fundi wa kukereza vyuma, tumwite Subilaga. Mashine yake ilizungusha chuma, kisu kikachonga, na pembeni palikuwa na pipa la maji ya kupoza: maji yaliyochanganywa na mafuta kidogo, meupe kama maziwa. Kila alichokichonga alikimwagia hayo. Ekseli ya trekta, maji meupe. Bomba la chuma, maji meupe. Na kazi zake zilisifiwa, jamani, watu walitoka mbali kumfuata.

Siku moja asubuhi akaja muuguzi wa zahanati, amebeba mhimili wa pampu ya kisima uliokatika, na chini ya kwapa kipande kirefu cha stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu.

"Fundi, tunaomba utuchongee mpya," akasema yule muuguzi. "Wodi ya wazazi haina maji. Ndugu zao wanachota mtoni, na mto wenyewe unaujua ulivyo."

"Acha hapo, dada. Jioni ufuate mzigo wako."

Mnaona alivyojiamini? Na kwa nini asijiamini?

Mwili wa mhimili ulikwenda kwa shida, lakini ulikwenda. Alipofika kwenye ncha, pale panapochongwa nyuzi za kufungia nati, mashine ikaanza kupiga mayowe. Chuma kikanata kwenye kisu. Nyuzi zikachanika kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Subilaga akafanya nini? Akaongeza maji! Akamwaga kopo, akamwaga ndoo, sakafu ikawa dimbwi, na chuma kikazidi kulia. Mwisho kisu kikavunjika.

Akazima mashine. Akakitazama kile chuma kwa hasira, maana kilikuwa kimemuaibisha.

Muuguzi alipokuja jioni akamkuta amekaa juu ya kreti, mikono magotini.

"Chuma chenu kibaya," Subilaga akamwambia. "Ni kigumu, hakifai. Tafuteni kingine."

"Kingine tutakitoa wapi, fundi? Kile cha kawaida kililiwa na kutu ndani ya kisima, ndiyo maana tukaletewa hiki." Yule dada akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Kuna mama amejifungua mapacha mchana huu. Tumewaogesha kwa maji ya kuazima."

Akaondoka.

Subilaga akakipima kile chuma. Akiikata ile ncha iliyoharibika, urefu uliobaki ulitosha mhimili mmoja tu, bila ziada. Akiharibu tena, basi.

Sasa, ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi mwingine. Walikuwa hawasalimiani. Waligombania mteja zamani, maneno yakatoka ambayo hayarudi kinywani, na tangu hapo kila mmoja akipita upande wake. Subilaga alijua kwamba yule bwana huchonga stenlesi na kazi inatoka inang'aa. Alijua! Ila kwenda kumuuliza? Aonekane hajui? Ndugu zangu, ile barabara ilikuwa nyembamba, lakini usiku ule kitandani aliiona pana kuliko ziwa.

Kulipokucha akavuka, na ile ncha iliyochanika mkononi.

"Karibu, mama," yule fundi akasema, akiwa ameduwaa.

"Nimeshindwa," Subilaga akajibu. "Chuma hiki kimenishinda, na kina mama wa zahanati wanakisubiri."

Yule bwana akaipokea ile ncha, akaipapasa kwa kidole gumba. Hakucheka.

"Ulikimwagia nini?"

"Maji ya kupoza. Kama vyuma vyote."

"Mengi?"

"Mpaka sakafu ikafurika!"

"Hapo kwenye nyuzi, maji pekee hayakisaidii. Chuma hiki kikibanwa na kisu, hukishikilia kile kisu, hunata nacho. Kinataka kitu cha kupita katikati yake na kisu." Akainama chini ya meza akatoa kopo la mafuta mazito, meusi, yenye harufu ya kiberiti. "Kipake haya, na mashine uipunguze mwendo. Ila usije ukayapeleka kwenye shaba, utaitia weusi. Shaba ina yake."

Kisha akachukua na brashi. "Au twende wote. Wewe uchonge, mimi nipake."

Wakavuka pamoja, mtaa mzima ukitazama.

Subilaga akawasha mashine. Kisu kikagusa. Akasubiri mayowe. Wapendwa, mayowe hayakuja! Ikaja sauti ya chini, tulivu, kama mtu anayenong'ona wimbo akiwa kazini. Utepe wa chuma kilichochongwa ukatoka mrefu, ukajikunja vizuri. Akarudia, na kurudia, yule jirani akipaka kwa brashi. Nyuzi zikatokea safi, zinameta. Akachukua nati, akaizungusha kwa vidole tu. Ikaingia, ikashuka mpaka mwisho.

"Haya!" akapiga kelele, akamkumbatia mtu ambaye jana asingempa hata salamu.

Mchana ule ule pampu ikafungwa mhimili wake mpya. Mpini ukapigwa, ukapigwa, bomba likakohoa, kisha maji! Kina mama wakatoka wodini na vigelegele, nyanya wa wale mapacha akaweka beseni, likajaa, likafurika, naye akawa anacheza ndani ya tope lile. Subilaga alilia huku akicheka.

Sasa niambieni. Chuma kilibadilika? Kilikuwa kile kile! Mikono je? Ile ile. Yule mama alikuwa amekihukumu chuma kwa ubaya ambao hakikuwa nao.

Na sisi je? Tunaye mtoto tunayesema, "Huyu mgumu, haambiliki." Tunaye mke, tunaye mume, tunaye ndugu tuliyemwondoa kwenye maombi yetu. Tulimwonya, hakusikia, tukamwonya zaidi. Tulimkaripia, akalia, tukaongeza sauti. Kwa sababu maneno yale yalimfaa kaka yake, tukaona lazima yamfae na yeye. Nani kati yetu aliwahi kumuuliza, "Mwanangu, wewe unahitaji nini kwangu?" Nani alikubali kumwendea jirani aseme, "Nimeshindwa, nisaidie"?

Mungu hakuumba mtu mbaya akamleta nyumbani kwako kukuaibisha. Yule uliyemkatia tamaa anaweza kusimama, anaweza kung'aa, na utakuwepo uone!

Simameni, wapendwa. Kila mmoja alitaje jina la mtu wake huyo, sasa hivi. Litajeni kwa sauti. Litajeni kwa shangwe!