Pelele na Ofisi ya Kuona Mbali

Hapo zamani za kale, watoto, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba na, kwa bahati mbaya, wakafungua na ofisi, Mfalme Simba alikuwa na Ofisi ya Kuona Mbali. Mkuu wake alikuwa Tembo. Ofisi haikuwa na dirisha hata moja, maana Tembo alisema madirisha yangemharibia kazi. Alijifunika uso kwa masikio yake mawili, akaacha upenyo mdogo, wa hewa tu, kisha akayaona yaliyo ng'ambo ya milima.

Siku moja ngoma ya mfalme ikapotea. Tembo akajifunika, akaguna mmm, mmm, akasema anaona jiwe, giza na mtu mfupi.

Nyumbu, karani ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha Tembo hakosei, akafafanua: jiwe ni la Pelele, yule mnyama mdogo kama sungura akaaye maweni, giza ni la pango lake, na ufupi wake hauhitaji ushahidi. Pango likapekuliwa, ngoma haikuonekana. Nyumbu akasema hiyo ndiyo dalili ya mwizi hodari. Pelele akaamriwa ahame na mkewe na vitoto vyao vichanga kabla jua halijazama.

Pelele alikuwa na macho mazuri, na muda wote wa kesi mbele ya baraza hakuyaondoa kwenye ule upenyo. Kila mara kabla Tembo hajasema neno, sikio la kushoto lilikuwa likiinuka kidogo, fyu, kisha likashuka.

Basi akaidai haki ambayo desturi ilimpa kila mshtakiwa, ya kumjaribu shahidi mara moja. Akasema mke wake ameweka kitu uani, nyuma ya jiwe. Si ngoma. Mzee Tembo akikiona, yeye atahama bila kinyongo. Twiga, ambaye shingo yake ilitosha kuchungulia ua wowote, akaambiwa atazame, ageuke, na afunge mdomo.

Tembo akajifunika. "Naona kitu… chepesi?"

Pelele akapiga mwayo.

"Hapana, kizito. Kizito sana."

Pelele akashtuka, akamshika Nyumbu mkono.

"Kina… miguu?" Pelele akaanza kutetemeka. "Minne! Na juu yake naona… pembe?"

Pelele akajiangusha chini, pu, akasema kwa sauti ya kufa, "Mzee wangu, nani kakwambia?"

Tembo akanogewa. Akaona maji, Pelele akalia. Akaona maji mengi, Pelele akalia zaidi. Mwishowe Tembo akatangaza kwa sauti nzito kwamba uani kwa Pelele pana ng'ombe, naye anaoga.

Baraza zima likashusha pumzi. Simba akamgeukia Twiga. "Haya, sema."

"Ungo wa mlenda, Mfalme. Umeanikwa juani."

Nyumbu akakohoa. Akaeleza kwamba mlenda huteleza, na ng'ombe akioga naye huteleza, kwa hiyo kimsingi Ofisi haijakosea.

Simba akamwashiria asogee. "Nyumbu, leo jioni utakula ugali kwa mlenda huo. Pembe za ng'ombe wako utamwachia nani?"

Nyumbu akafungua daftari lake kutafuta kanuni ya pembe, na nasikia bado anatafuta.

Simba akamwambia Tembo ayakunjue masikio, akamuuliza alichokuwa akikitazama siku zote hizo. Tembo akainamisha mkonga. "Nyuso zenu, Mfalme. Mlikuwa mkinisaidia sana."

Pelele alikwishaondoka. Alimkuta mkewe amefunga mizigo, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, akamwambia afungue, hawahami. Tembo hakufukuzwa, wakubwa hawafukuzwi. Alihamishiwa Ofisi ya Kusikia Mbali, ambako angalau masikio anayo. Na ngoma ikaanza kutafutwa kwa miguu, kichaka kwa kichaka, na Simba mwenyewe mbele.

Hadithi yangu naishusha hapa, na funzo lake ni hili: anayetueleza yaliyo mbali huku akituchungulia usoni, tusimsaidie kuona.