Mashine Iliyovishwa Mkeka

Zamani, kabla barabara ya mashariki haijatiwa lami yote, mtu akirudi kijijini siku ya Jumamosi hakuwa na haja ya kuuliza kama wenyeji wapo. Aliwasikia. Ko, ko, ko-ko! Wanawake wameketi chini katika nyumba yao ya kazi, kila mmoja na gogo lake mbele, wanaponda magome ya mforsadi kwa vipondeo vya mbao mpaka yawe mapana na laini, tayari kuunganishwa kuwa ngatu, vile vitambaa vipana vya magome. Bila ngatu hakuna harusi inayonoga Tonga, wala maiti azikwaye kwa heshima. Fatai, binti wa kijiji hicho, ambaye leo ni mwalimu wa chuo mjini Nuku'alofa na mvi zimeanza kumbishia hodi, hata sasa akisikia fundi akigonga kitu huweka kalamu chini na kusikiliza. Kumbe ni paa la jirani tu. Hapo moyo humwenda mbali.

Mwaka anaoukumbuka kuliko yote ni ule wa mwisho wa masomo yake. Chuo kilikuwa na somo la ubunifu na ujasiriamali, na mwalimu wake, Bwana Taufa, hakuwa mtu wa kuridhishwa na makaratasi. Alitaka kila mwanafunzi abuni kitu ambacho mtu fulani, mahali fulani, atakihitaji kweli. Atakayeshinda angepewa chumba katika karakana ya chuo kwa miaka miwili, pamoja na vifaa vyote, ili aanzishe kazi yake mwenyewe.

Wenzake waliuona huo mchezo. Kwa Fatai lilikuwa jambo la kufa na kupona. Mjomba wake aliyeko Auckland alikuwa amekwisha kumtafutia kazi ya kufunga vitunguu, na kama angekosa chumba kile, Januari ingemkuta ndani ya ndege. Wala hakutaka kwenda! Aliipenda nchi yake. Kila nyumba kijijini kwao ilikuwa imetoa watu wake wakaenda kuhangaika ng'ambo, nao walirudi kuzika tu. Fatai alitaka awe wa kubaki.

Basi akajifungia karakanani miezi minne. Aliyemsaidia kuchomelea vyuma alikuwa Lisiate, kijana wa kutoka visiwa vya Vava'u, fundi hodari lakini mwenye mdomo usio na breki. Wakatoka na mashine ya kupondea magome: mota moja, nyundo nne, na meza ya chuma iliyomfikia mtu kiunoni.

"Migongo ya akina mama sasa itapona," Fatai alisema kwa majivuno. "Mtu anasimama wima, anabonyeza swichi, basi."

Bwana Taufa aliizunguka mashine ile mara mbili, akaguna. "Nzuri. Lakini mimi sitaki kukuona wewe ukiiendesha. Mwisho wa muhula nitakwenda huko kijijini kwenu, nitakaa pembeni, niwaone wao wakiitumia bila kushikwa mkono. Wakiitumia, chumba ni chako. Wasipoitumia, tutapeana mikono tuagane."

"Mwalimu, hiyo mbona rahisi!" Fatai akajibu.

Mkuu wa wanawake wale alikuwa Akesa, dada wa baba yake. Na kwa Watonga, shangazi si mtu wa kujibizana naye. Hata baba yake Fatai, ambaye sauti yake ilitosha kufukuza nguruwe wa kijiji kizima, mbele ya dada yake alinong'ona. Shangazi Akesa aliipokea mashine kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga makofi wakishukuru, "Malo, mwanetu, malo!" Mmoja akalia machozi. Wakaiweka mahali pa mbele wanapoketi wageni wa heshima, wakaifunika mkeka mzuri wa kusukwa, wakaivika shada la maua mabichi.

Fatai alirudi mjini kichwa kimemvimba. "Imepokelewa kama bibi harusi," akamwambia Lisiate.

Wiki tatu baadaye wakaenda kuitazama. Walipokaribia wakasikia: ko, ko, ko-ko! Ni mbao juu ya mbao. Mashine ilikuwa palepale, na mkeka wake palepale. Maua yalikuwa yamekauka, na chini ya meza kuku alikuwa ametaga.

"Angalau kuku ameiona faida yake," Lisiate akasema kutoka mlangoni.

Damu ikampanda Fatai. Akaingia, akasimama katikati ya wanawake walioketi. "Shangazi, mbona hamuigusi? Nimewaletea kitu cha kuwapumzisha, ninyi mnakifuga kama pambo!"

Vipondeo vikanyamaza vyote kwa pamoja. Shangazi Akesa hakuinua uso. "Nasikia sauti huko juu. Ni nani huyo anayesema nasi kutoka darini?"

Fatai akatambua alichokifanya: amesimama juu ya vichwa vya wakubwa zake. Akaporomoka chini, magoti yakagonga sakafu. "Nisamehe, shangazi."

"Haya. Mashine yako nzuri, hatukatai. Lakini nieleze, wa kwanza kusimama hapa awe nani? Mimi nimeketi. Asimame Lesieli huyu, magoti yake yalingane na pua yangu? Au nisimame mimi peke yangu kama mlingoti wa bendera?" Wanawake wakaangua kicheko. "Na wewe mwenyewe, umewahi kuponda?"

"Hapana, shangazi."

"Haya, mmesikia? Binti wa ukoo huu, miaka ishirini na miwili, hajaponda hata gome moja, amekuja kutufundisha kuponda!"

Kicheko kikazidi. Fatai alitamani ardhi ipasuke immeze. Na lililomuuma zaidi ni kwamba yalikuwa kweli. Tangu utotoni kila alipokisogelea kipondeo, marehemu mama yake alimfukuza kwa upole: "Nenda kasome, mwanangu. Kuponda tutaponda sisi." Naye alikwenda akasoma, akasoma mpaka akawa mgeni nyumbani kwao.

"Twende zetu, Fatai," Lisiate alimwambia njiani. "Vitunguu vya Auckland havikuulizi umeketi au umesimama."

Fatai akaongeza mwendo. Usiku kucha aligeuka huku na huku. Angeweza kuwasihi wale wanawake waiwashe siku moja tu, mwalimu aone. Wangekubali kwa huruma, maana Watonga hawajui kumnyima mtu usoni. Lakini ungekuwa uongo, na uongo wa kuwafanya wakubwa zako wakusaidie kusema ni uongo mara mbili.

Likizo ya wiki mbili ya katikati ya muhula ilipofika, akapiga moyo konde. Asubuhi ya Jumatatu, amejifunga mkeka kiunoni kama impasavyo mtu mwenye adabu, akaingia akiwa ameinama, akaketi nyuma kabisa. Shangazi Akesa akabingirisha kipondeo sakafuni mpaka kikamgusa goti.

Siku ya kwanza viganja vilitoka malengelenge. Siku ya pili alipasua gome la mtu, akapigwa vijembe mpaka jioni. Siku ya tatu mkono ulianza kufuata wenzake bila kuambiwa, akajikuta anaimba. Siku ya nne ndipo akafumbuka macho. Hakuna aliyeiona kazi ya kuponda kuwa mateso! Pale ndipo waliposimuliana nani kaposwa, nani kagombana na mchungaji. Pale ndipo wajane waliposahau ujane wao.

"Ukitunyang'anya hili, tutacheka wapi?" Lesieli, bibi mmoja mwembamba, akamuuliza Fatai.

Lesieli mwenyewe hakuwa akiponda. Aliketi kwenye kona, mbali na wimbo, akikwangua ngozi ya kijani ya magome kabla hayajafika kwa wenzake. Ni kazi ya kisu na gamba la chaza, kutwa nzima. Walipoletewa viazi vikuu na samaki, Fatai aliona kuwa bibi yule hawezi kukunja vidole akashika tonge. Alikuwa akilishwa na mjukuu wake.

"Bibi, mikono iko hivi tangu lini?"

"Tangu niolewe, mwanangu."

"Mbona hukusema nilipoleta mashine?"

"Si hukuuliza? Ulifika umeshajua."

Neno hilo lilimchoma kuliko kicheko chote. Fatai akalia, palepale, mbele za watu. Kisha akapangusa kamasi, akamwita Lisiate, wakaifungua ile mashine parafujo moja baada ya nyingine. Zile nyundo nne alizozipenda kama wanawe akazitupa kando. Akatengeneza kitu kingine: magogo mawili madogo ya mviringo yanayobana gome, kisu kilichopindwa kama gamba la chaza, na mpini wa kuzungusha. Wanawake wakamzunguka wakimwamrisha.

"Ishushe."

"Ishushe tena, mtoto, mimi siyo twiga!"

"Kisu kikali mno, utatumalizia magome!"

Mara tatu kiliharibika, mara tatu wakakirekebisha pamoja. Kilipokwisha, kilikuwa hakizidi kimo cha goti. Lisiate alikitazama akatikisa kichwa. "Maskini. Mashine imekatwa miguu."

Siku ya mwisho wa muhula Bwana Taufa alifika, akavua viatu, akaketi ukutani na karatasi yake ya tathmini. Hakuna aliyemjali. Lesieli alizungusha mpini kwa kiganja, bila kukunja kidole, magome yakatoka upande wa pili meupe pee. Wanawake wawili walikuwa wakigombania zamu. Mwalimu akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, kalamu mkononi, "Mbunifu wa kitu hiki ni nani?"

"Sisi," akajibu Shangazi Akesa.

"Ninyi?"

"Sisi. Huyu mtoto wa kaka yangu alikuja akaketi, tukamwonyesha."

Ndani ya mkoba wa Fatai kulikuwa na michoro ya nusu mwaka, kila ukurasa una jina lake. Kanuni za shindano zilisema wazi kwamba mbunifu lazima awe mwanafunzi. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lingekuwa la kumkanusha shangazi yake mbele ya mgeni.

"Sema basi, we!" Lisiate akamnong'oneza kutoka mlangoni. "Chumba kinaondoka!"

Fatai akamtazama Lesieli, aliyekuwa anazungusha huku akiimba, kwa mara ya kwanza kati ya wenzake. Akainamisha kichwa. "Ni kweli, mwalimu. Ni chao. Mimi nilikuja nikafundishwa."

Bwana Taufa akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni bila kuijaza. "Miaka sita nafundisha somo hili," akasema. "Kila mwaka wanaleta vitu vyao, kisha wananiomba niwatafutie watu wa kuvitaka. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuona watu wamekichukua kitu mpaka wakamsahau aliyekileta. Chumba ni chako, Fatai. Kesho njoo uchukue ufunguo."

Shangazi Akesa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ndipo Fatai alipojua kwamba shangazi yake alijua fika anachokifanya alipodai kitu ni chao.

Shangazi hayupo tena, wala Lesieli. Mashine zile fupi ziko katika visiwa vyote, na nyingi zimetengenezwa na watu wasiomjua Fatai hata kwa jina, hilo halimuumi. Linalomuuma ni kwamba hawezi kuketi tena kati ya wanawake wale, akachekwa. Wanafunzi wakimletea michoro inayong'aa, hawapi hotuba. Huwauliza tu, "Umeketi na nani?" Wengi hununa, wakaondoka. Wachache huenda wakaketi, na hao ndio hurudi na kitu, kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.