Kwa Nini Mitalawanda Inalala Nje

Kulikuwa na siku, jamani, viatu vilikuwa vinaingia ndani. Tena vinaingia kama wenye nyumba! Mtu anatoka shamba, tope limemshika mpaka vifundoni, anapiga hodi, anaitikiwa karibu, huyo, anapita na mitalawanda yake, vile viatu vya mti, kwa! kwa! kwa! mpaka juu ya mkeka. Hakuna aliyeona ajabu. Kumwambia mgeni avue ilikuwa sawasawa na kumwambia wewe mchafu, na maneno kama hayo yalikuwa yanavunja undugu wa miaka.

Basi katika mji mmoja wa udongo mwekundu, ule udongo ukikushika hautoki hata kwa majivu, aliolewa mwanamke jina lake Somoe. Alipoolewa alikuwa mnene, mashavu haya! Miaka mitatu tu, kanga inamzunguka mara mbili. Si njaa. Ni ufagio. Alfajiri anafagia, anatoa pakacha zima la udongo. Adhuhuri anafagia, pakacha jingine. Jioni hata hatazami tena limejaa kiasi gani, anakwenda kumwaga nyuma ya nyumba huku amefumba macho, miguu inajua njia yenyewe.

Na angevumilia, wangapi wamevumilia? Lakini mavyaa wake, Bi Mwantumu, mama wa mumewe, akashikwa na kifua. Akawa analala ukumbini kwenye kitanda cha kamba, maana chumbani hapakuwa na hewa. Anakohoa mpaka macho yanatoka machozi. Mganga akaja, akasikiliza mgongo, akasema, "Huyu mama anauliwa na vumbi. Lisipokoma, mwezi hauandami akiwa nasi." Kasema hivyo amesimama katikati ya ukumbi na viatu vimejaa tope! Akaenda zake, Somoe akafagia nyayo za mganga.

Sasa Somoe yule mavyaa alikuwa anampenda. Ndiyo, mnacheka, lakini wapo wanaopendwa. Alipofika nyumba ile hakuwa na mama, Bi Mwantumu ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyemkanda alipojifungua. Akimsikia anakohoa, na yeye kifua kinambana.

Afanyeje? Akifagia, vumbi linaruka, mama anakohoa. Asipofagia, watu wanalikanyaga, linaruka, mama anakohoa. Akinyunyizia maji, linageuka tope, likikauka linakuwa vumbi upya. Na mgonjwa anayependwa ndiye anayejaziwa watu. Wanakuja kumpa pole asubuhi, wanakuja mchana, wanakuja jioni kuuliza kama ile pole ya asubuhi imefika. Kila pole ina miguu miwili.

Siku moja akajaribu kwa mafumbo. Akamwambia shemeji yake Mbaruku, "Shemeji, hiyo miguu leo imetoka shamba la wapi?"

Loo! Mbaruku akafurahi kuulizwa. "La bondeni, shemeji! Mihogo mwaka huu minene kama paja langu, tazama," akainua mguu kuonyesha paja, tope likadondoka pa! kwenye mkeka. Akaeleza habari za mihogo mpaka chai ikapoa. Somoe akaitikia ndiyo, ndiyo, hongera, macho yakiwa kwenye lile bonge la tope.

Usiku ule Bi Mwantumu hakulala, na Somoe hakulala. Kulipokucha alikuwa amefagia, amepangusa kitanda, amepiga deki mpaka kizingitini, na hapo kizingitini nguvu zikamwishia. Akasema nikae kidogo tu, pumzi inirudie. Akaegemea mwimo huu wa mlango, miguu akainyoosha kuelekea mwimo ule, ufagio mapajani. Usingizi ukamchukua papo hapo, mdomo wazi.

Mara wageni hao, kundi zima, na mbele yao Bi Mashavu, jirani, mwanamke wa sauti kubwa ambaye harusi na msiba vyote alikuwa anafika wa kwanza. Wakakuta njia imezibwa na miguu ya mtu. Na ninyi mnajua, mtu aliyelala harukwi. Ukimruka umemdharau, na akiwa mke wa mtu mbele ya shemeji zake, hilo hata kulitaja aibu. Palibaki upenyo mwembamba tu, pale miguu ilipoishia.

"Tumwamshe," akasema Mbaruku.

"Thubutu!" Bi Mashavu akamkemea, safari hii kwa kunong'ona, na watu wakashtuka maana hawakujua kama anaweza. "Mtazame. Macho yamezama kama visima. Wewe mkeo akilala hivi ungemwamsha?"

"Sasa tutapitaje?"

"Kwa ncha za vidole. Vua hiyo mitalawanda, inalia kama punda kwenye mawe."

"Mimi nivue? Mlangoni kwa kaka yangu?"

"Vua, Mbaruku, kabla sijaivua mimi nikakupiga nayo!"

Akavua. Bi Mashavu akavua. Wote wakavua, wakajibana mmoja mmoja, wanashikana mabega, wanaziba midomo wasicheke. Wakakaa ukumbini kimya, miguu mitupu. Na Bi Mwantumu akakohoa mara moja. Wakangoja. Hakukohoa tena. Akageuka ubavu, akaomba uji kwa sauti nyembamba.

Jua lilipopanda Somoe akazinduka, akaona viatu vimejaa nje, jambo asilowahi kuliona, akadhani mama amekufa, watu wamekuja kuzika. Akapiga ukelele! Kuingia ndani, mama anakunywa uji, sakafu inang'aa. Akaona haya, akavuta kanga usoni. "Jamani, mmevua? Mbona mmevua? Piteni tu na viatu vyenu!"

"Tunapita," akasema Bi Mashavu, hakujisogeza.

Kesho yake wakaja tena. Mlango uko wazi, Somoe yuko macho, anawaambia piteni tu, piteni. Lakini nani aanze? Nani ajulikane mji mzima kwamba ndiye aliyemrudishia mama wa watu kikohozi? Wakavua. Nyumba ya pili ikaona, ikaiga, na ya tatu. Mwezi ukaandama, ukaandama na mwingine, Bi Mwantumu akapona, akaishi mpaka akaanza kulalamika kwamba uji hauna sukari.

Ndiyo maana mpaka leo ukifika kwa watu unaviacha nje. Na mwenye nyumba atakwambia pita tu, pita na viatu, hakuna neno. Ni adabu yake kusema. Wewe usipite. Aliyekwambia amefagia tangu alfajiri.