Bi Pimbi na Giza Lake

Nasema!

"Sema tukukamate."

Nasema tena!

"Sema tukukamate."

Mtanikamata na nini? Asiyeniamini asimame sasa hivi nimwone, kisha aende akalale. Shule niliiacha darasa la sita, wala sikuiaga, na Mwalimu Mgaya yule pale kwenye benchi ananitazama kama daftari lisilosahihishwa. Shikamoo, Mwalimu. Huyu aliwahi kuniambia sitajua kitu duniani. Leo nawafundisha vioo vya simu, na yeye akiwemo.

"Marahaba," akasema Mwalimu. "Fundisha. Nasikiliza."

Palikuwa na mwamba. Mwambani akiishi Bi Pimbi, mdogo kama mkate, hana mkia, hana pembe, ana watoto watatu na mdomo. Juu ya mwamba akizunguka Tai. Tai hali majani. Tai hula watoto wa pimbi.

Bi Pimbi alikuwa na simu. Mchana alijibanza kwenye ufa wa jiwe, giza totoro, watoto chini ya tumbo, simu mbele ya pua. Rafiki yake Kanga alikuwa akichungulia kutoka kwenye miiba na kumwandikia. Tai yupo juu. Wanatulia. Tai kaenda. Wanatoka kula. Maandishi madogo meupe, kwingine kote nyeusi tii. Ukipita nje hujui kama ndani kuna kiumbe.

Siku moja simu ikagoma kuchaji. Akaipeleka kwa Nyani, fundi simu wa mwambani, kifua kama pipa, meno kama misumari ya inchi sita. Nyani akaifungua, kwa, kwa, kwa. Akaona kioo, akakipenda. Simu yake mwenyewe ilikuwa pacha wa ile, toleo moja. Basi kioo kizuri akakihamishia kwake, na Bi Pimbi akafungiwa kingine cha bei ya mchicha.

Kesho yake Kanga akaandika: Tai yupo juu. Simu ikawaka. Ufa wote ukawaka, kijivu, kama dirisha la jirani.

"Kumbe kuna watu," akasema Tai.

Kwaruu, ukucha ukaingia ufani. Kwaruu, ukatoka na manyoya ya mtoto wa mwisho. Manyoya tu, siku hiyo.

Bi Pimbi akaenda mbio kwa Nyani.

"Fundi, hiki si kioo changu."

"Kioo ni kioo. Kinawaka?"

"Kinawaka."

"Basi nenda."

Kobe naye alikwenda kulalamika. Kioo ni kioo. Kinawaka? Basi nenda. Nungunungu naye akaenda. Kioo ni kioo. Kinawaka? Basi nenda, na teke juu. Mwezi mzima Bi Pimbi akawa anaenda na kurudi, simu ameizima, watoto wanatoka kula kwa kubahatisha, mbavu zinahesabika.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wenye vyeti hupotea. Kioo cha LCD kina taa nyuma, inawaka muda wote, na mbele yake pazia. Ukitaka nyeusi pazia linafungwa, lakini mwanga unavuja. Kioo cha OLED hakina taa nyuma. Kila nukta ni kimulimuli mwenye tako lake. Ukitaka nyeusi, kimulimuli analala. Mwalimu, unaandika?

"Naandika. Kipi bora?"

Inategemea wewe ni nani. LCD bei yake ya kiungwana, ila ile ya ovyo ukiitazama kwa upande rangi zinapauka. OLED rangi zimekolea, na picha ikiwa nyeusi chaji inadumu. Lakini mimi sikuuzii simu, nakusimulia pimbi anayewindwa. Kwake bora ni kile kinachojua kulala.

Je, Bi Pimbi alilia? Hakulia. Alipiga magoti? Hakupiga. Alingoja siku ya gulio, kibanda cha Nyani kimejaa wateja, akaingia na gunia begani.

"Fundi, nimekuja kukushukuru."

Nyani akasita. Hakuna aliyewahi kumshukuru.

"Kioo ulichonipa kina nguvu za ajabu. Hata nyeusi yake inatoa mwanga. Nahisi ulikosea, ukanipa kilichokuwa chako."

"Hebu."

"Ingia chini ya gunia, ulinganishe mwenyewe."

Wakaingia. Picha nyeusi kwenye simu hii, picha nyeusi kwenye simu ile. Ya Bi Pimbi ikatoa mwanga mpaka Nyani akaiona pua yake. Ya Nyani, tii. Hakuna simu, hakuna mkono.

"Mbona yangu imezima?"

"Pole, fundi. Vioo dhaifu ndivyo vilivyo. Vinachoka."

"Nipe hicho chako."

"Sitoi. Wanangu wamekizoea."

"We Pimbi, nimesema nipe."

"Fundi, nionee huruma, kitu chenyewe ndicho hiki kimoja."

Nyani akaipokonya. Kwa, kwa, kwa, akafungua simu zote mbili, kioo cha huku kule, cha kule huku, jasho linamtiririka, anacheka peke yake kwamba kamwibia mama wa watu mara mbili. Akamtupia simu.

"Kioo ni kioo. Kinawaka?"

Bi Pimbi akajifunika gunia, akafungua picha nyeusi. Tii. Akatoka.

"Hakiwaki, fundi. Asante sana."

Kisha akalitandaza gunia mlangoni. "Jamani, kila mtu aingie na simu yake." Kobe akaingia: kijivu. Nungunungu akaingia: kijivu. Nungunungu akalikumbuka lile teke, akakunja mgongo. Nyani akapanda mti, na mpaka leo anakalia upande mmoja.

Mchana ule Kanga akaandika. Ufa ukabaki tii. Tai akapita, akapita tena, akaenda kutafuta panya.

Funzo lake: fundi akikwambia kioo ni kioo, mwamini uende nyumbani. Wakubwa hawakosei, na mdogo asiulize maswali. Yangu nimeitua hapa. Anayeiona nzito aibebe, anayeiona nyepesi aipulize.

"Ngoja," akasema Mwalimu Mgaya. "Nyani alikaa na kioo kile mwezi mzima. Alikuwa ameweka picha gani?"

Haya, Mwalimu. Haya. Nimeacha kipande.

Nyani aliweka picha yake mwenyewe, meno yote nje, mwanga mpaka mwisho, mezani usiku na mchana kama kibao cha biashara. LCD ingemsamehe. OLED haisamehe: vimulimuli waliowashwa sana huchoka kabla ya wenzao, na picha inabaki kama doa. Kwenye nyeusi huoni kitu, hapo sikudanganya. Lakini Bi Pimbi akifungua ukurasa mweupe, Nyani yumo, anacheka.

Bi Pimbi alishinda hata hivyo, na anayebisha aende mwambani akawahesabu watoto. Wako watatu. Atawakuta asubuhi wamepanga foleni mbele ya simu, wanaiamkia: "Shikamoo, fundi."