Fundi na Mteja wa Jumamosi

Wapendwa, mfano wa leo hauna mkulima wala mchungaji wa kondoo. Una duka.

Alikuwepo fundi mmoja Iringa mjini, tumwite Kihwele, aliyekuwa akitengeneza na kuuza vyombo vya muziki vya umeme. Kwaya ikiharibikiwa spika, kwa Kihwele. Kinanda kikigoma siku mbili kabla ya harusi, kwa Kihwele. Alikuwa anajua kazi yake, na alikuwa anajua kwamba anajua. Ukienda kwake kutafuta betri, utaondoka na betri pamoja na mhadhara juu ya betri.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi akaingia mteja. Mtu wa makamo, koti la mvua begani, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimekatika nusu. Akasimama mbele ya kaunta, akasema kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde:

"Fundi! Nataka sinthesaiza! Ya kwanza! Sijawahi kuwa nayo!"

Kihwele akashtuka. "Mzee, mbona niko hapa hapa?"

Sasa, kwa wale ambao hawajaiona, sinthesaiza ni ndugu yake kinanda. Kinanda chetu hiki cha kwaya, ukikiambia tarumbeta, kinakupa tarumbeta. Chakula kimeshapikwa. Sinthesaiza inakupa sauti mbichi na safu ya vitufe vya kuzungusha, upike mwenyewe: uinenepeshe sauti, uikwaruze, uifanye ingurume. Yule mteja alikuwa ametengeneza biti, yaani midundo ya muziki, kwenye kompyuta kwa miaka mitatu, na sasa alitaka chombo cha kushika kwa mikono. Ombi zuri tu. Kihwele alifurahi. Akashusha nne kutoka rafuni, akazipanga mezani, akaanza kumwaga elimu.

"Hii inatoa noti nyingi kwa pamoja. Hii inaikumbuka biti yako hata ukiizima. Hii funguo zake ni ndogo, vidole vyako vitahangaika. Hii hapa ndiyo wanayoanza nayo wengi, ila plastiki yake nyepesi."

Mteja akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ndiyo. Akatabasamu. Fundi alipomaliza, yule bwana akaweka kiganja juu ya ile sinthesaiza ya kwanza, akasema, "Piga ya chini kabisa."

Kihwele akapiga.

"Piga tena."

Akapiga.

Mteja akahamia kwenye ya pili. "Na hii? Ukiizima, inakumbuka biti?"

Jamani! Si ameambiwa sasa hivi? Bado mate ya fundi hayajakauka mdomoni! Lakini Kihwele akajikaza, maana mteja ni mfalme, akarudia yote tangu mwanzo. Saa nzima ikapita hivyo. Mwishowe yule bwana akashukuru kwa sauti iliyotikisa vioo, akasema, "Nitarudi."

Na kweli alirudi. Jumamosi iliyofuata alirudi, na iliyofuata, na iliyofuata. Aprili yote. Mei yote. Kila akija, maswali ni yale yale, na kila akijibiwa, anatabasamu, anaweka kiganja, anasema piga tena. Kihwele akampa jina. Akamwita Piga Tena. Akisikia ile sauti mlangoni, anainama chini ya kaunta kujifanya anatafuta skrubu.

Nawaona mnacheka. Chekeni tu. Nani kati yetu hana Piga Tena wake? Yule wa jumuiya anayeuliza leo kikao ni saa ngapi, na tangazo limesomwa mara tatu. Yule shemeji. Unaona jina lake kwenye simu, unaiacha ilie mpaka inyamaze.

Kihwele alichoka, na mtu akichoka huanza kuhubiri. Akawaambia wateja wengine, "Watu wa namna hii hawataki chombo, wanataka kuzungumza. Miezi mitatu mtu anachagua! Angechukua yoyote ile, sasa hivi angekuwa na nyimbo kumi." Na hilo, wapendwa, kwa wateja wengi lilikuwa kweli. Hilo ndilo baya lake. Alikuwa akisema kweli ya wengine kuhusu mtu asiyemjua.

Ikafika Jumamosi ya Juni, ile baridi ya kwetu ya kutoa moshi mdomoni. Duka limejaa. Wanakwaya sita wamekuja kuchukua spika zao, mwalimu wao ana haraka, na kuna bwana mwingine amepakata amplifaya yake kama mgonjwa. Mlango ukafunguka.

"Fundi! Habari za wiki!"

Kihwele akafumba macho. Yule bwana akapenya katikati ya wanakwaya, akafika mezani, akaweka kiganja mahali pake. "Piga ile ya chini."

Kihwele akapiga.

"Piga tena. Na hii noti nyingi inatoa?"

Hapo kikombe kikajaa. Kihwele akashika waya, akauchomoa ukutani, akauinua juu ili wote wauone.

"Baba, wewe ni mtu usiyesikia!" akasema. "Miezi mitatu nakwambia maneno yale yale! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Nenda nyumbani, na usirudi hapa mpaka siku utakayojua unachotaka!"

Duka zima likaangua kicheko.

Na yule bwana naye akacheka. Alicheka pamoja nao kabisa, akiwageukia huku na huku, kama mtu aliyekuta utani umeshaanza na hataki kuachwa nje. Halafu macho yake yakafika kwenye ule waya uliokuwa mkononi mwa fundi. Yakapanda usoni kwa fundi. Yakarudi kwa wale wanaocheka. Kicheko chake kikapungua taratibu, kikaisha. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, akatoka.

Jumamosi tatu zikapita kwa amani. Kihwele alifanya kazi nyingi, akasema moyoni, kumbe nilikuwa nachelewa tu kumfukuza.

Jumamosi ya nne akaingia mama mmoja na karatasi mkononi. "Fundi, nimetumwa waya wa kuunganisha sinthesaiza na spika. Vipimo viko hapa."

Kihwele akaisoma. Alijua mara moja ni waya gani. "Nani anaitumia hiyo sinthesaiza, mama?"

"Mume wangu. Lutengano."

"Simfahamu."

"Unamfahamu. Alikuwa anatoka Mafinga kuja hapa kila Jumamosi."

Fundi akahisi damu inapanda. "Piga Tena? Kumbe alinunua! Kwangu miezi mitatu ananitesa, kumbe kuchagua alikuwa anaweza!"

Yule mama hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Akasema, "Mume wangu amepasua mbao miaka kumi na minne, amesimama karibu na msumeno kama tulivyosimama wewe na mimi hapa. Masikio yamekwenda. Zilianza kuondoka sauti za juu. Ndege hawasikii. Simu ikilia haisikii. Mimi nikiongea ananitazama mdomo. Zimebaki za chini, na daktari alisema nazo zitaondoka, hajui lini. Kwa hiyo alitaka kutunga muziki wake sasa, wakati bado anao muda. Alikuwa anatafuta chombo kimoja tu ambacho anakisikia, na pale asiposikia, akishike kwa mkono akisikie hivyo."

Kihwele akasema lile neno ambalo sisi sote tunalisema tukibanwa:

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Alikuwa anaona aibu," mama akajibu. "Lakini wewe, fundi, ulimwuliza?"

Hakuwa amemwuliza. Alikuwa amemjibu. Maneno elfu kwa elfu ya majibu, miezi mitatu, na swali hata moja hakuna. Hakumwuliza anataka kutunga nini. Hakumwuliza ametoka wapi. Hata jina, wapendwa! Alimpa jina la dhihaka kabla ya kulitafuta lile alilopewa na mama yake.

"Alinunua wapi?" akauliza, sauti chini.

"Mbeya. Kuna kijana wa kike anauza vyombo vilivyotumika. Alimwona anavyotazama midomo ya watu. Hakusema kitu. Alichukua kalamu akamwandikia, 'Unasikia sauti zipi?' Robo saa walikuwa wamemaliza." Yule mama akatazama nyuma ya kaunta, akaonyesha kwa kidevu. "Ni kama ile pale."

Kihwele akageuka. Kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya mafungu ya nyaya, ilikuwepo sinthesaiza moja ya kijivu, nzito, rangi imebanduka pembeni. Ilitoa noti moja moja tu, na kazi yake ilikuwa besi na si kingine. Muda wote ule hakuwahi kumwonyesha. Aliiona ni chombo duni, hakimfai mtu anayeanza.

Akamfungia yule mama waya wake vizuri, akasema, "Mpe salamu zangu. Mwambie naomba radhi."

"Hapana," mama akasema. "Siwezi kukubebea. Nenda mwenyewe. Kaa mbele yake, kwenye mwanga, useme polepole."

Alikwenda. Jumapili mchana alipanda basi mpaka Mafinga, akauliza nyumba, akaingia. Akakaa kwenye kigoda mbele ya Lutengano, mahali penye mwanga wa dirisha, akasema polepole kwamba amemkosea. Lutengano akamtazama mpaka alipomaliza.

"Maneno ya siku ile sikuyapata, fundi," akasema. "Mpaka leo sijui ulisema nini. Lakini uso wako niliusikia vizuri sana."

Kisha Lutengano akauwasha mtambo wake, akamwambia Kihwele sogea. Ulitoka mngurumo mzito, wa taratibu, ulioingia kwanza kwenye sakafu na miguu kabla haujafika masikioni. Kihwele hakueleza chochote. Alisikiliza mpaka ukaisha.

Sasa turudi kwetu, na nitasema bila kuzungukazunguka kwa sababu nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka, na mimi ni wa kwanza kwenye orodha.

Mlipokuwa mnacheka pale mwanzo, mlicheka mkiwa wapi? Mlikuwa dukani, upande wa wanakwaya. Nami nilikuwa nanyi. Sisi tunaokaa humu ndani ni mafundi. Tunajua. Mtu akija analia tuna jibu, tumelibeba tayari, hata hajamaliza kufuta machozi tumeshamfungulia kinywa. Binti haji tena kwenye kwaya, tunasema amepata kiburi. Baba anatoka kabla ya matangazo kila Jumapili, tunasema hana heshima. Mama yule anauliza jambo lile lile kila kikao cha wazee, tunatazamana na kukonyezana. Nani amemwuliza? Nani hapa, hebu inua mkono, amekaa mbele yake kwenye mwanga akamwuliza?

Naiona mikono. Naihesabu. Haifiki mitano.

Na msijifariji kwamba Lutengano alipata chombo chake. Alikipata, Mungu ni mwema. Alikipata Mbeya! Alikuja kwetu Jumamosi kumi na tatu, na tulikuwa nacho rafuni, na akaenda kukipata kwa watu wengine. Huko nje wako watu wanaoponywa leo na majirani wasiojua hata wimbo mmoja wa humu, kwa sababu wale majirani walikuwa na swali moja, na sisi tulikuwa na mahubiri.

Kwa hiyo leo sitafunga kwa mahubiri. Kando yako amekaa mtu. Ukitoka hapo mlangoni usimpe mkono wa haraka ule wa "Bwana asifiwe, tuonane." Simama. Mwulize jambo moja ambalo jibu lake hulijui. Kisha, tafadhali sana, ndugu yangu, nyamaza.