Basi la Mzee Sangiwa na Mbao za Namkunda

Methali zote zinazosemwa hapa kwetu nazijua asili yake, hata zile ambazo watu wamezitunga jana. Haya, tuseme ukweli: nazijua mbili, na moja nimeisahau. Mna bahati kwamba hii mliyokuja kuniuliza ndiyo iliyobaki.

Nyumba ya magurudumu, ndugu kila kituo. Mmemsikia mtu akimwambia hivyo mwenzake aliyenunua gari, nanyi mkadhani anamsifu. Msione aibu. Hata aliyeisema mara ya kwanza alidhani anajisifu, na ndiye iliyemgeukia. Ilizaliwa hivi.

Palikuwa na mama mmoja wa Kipare, jina lake Namkunda, aliyeishi Tanga mjini na mumewe, Mzee Sangiwa. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya kujenga barabara, miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo walikaa nyumba ya kupanga. Lakini kule Same Namkunda alikuwa na kiwanja alichopewa na baba yake, na juu ya kiwanja hicho alikuwa amejenga vyumba viwili kwa fedha za vitumbua. Kitumbua kimoja kimoja, mpaka ukuta ukafika kwenye lenta. Kilichokosekana ni paa tu. Tofali zenyewe zilikuwa mbichi, hazikuchomwa, na fundi wake, Mbwambo, alimwambia bila kumung'unya maneno: masika ya mwaka huu zimevumilia, ya mwaka kesho zitarudi kuwa udongo.

Kwa hiyo mumewe alipostaafu, Namkunda alikwisha kupiga hesabu ya bati kabla kiinua mgongo hakijatoka. Kikatoka siku ya Jumanne. Jumanne hiyo hiyo, saa kumi jioni, Mzee Sangiwa akarudi nyumbani na basi.

Lilikuwa basi dogo la njano, kuukuu, lililokuwa likibeba wanafunzi. Namkunda alilitazama, akamtazama mumewe, akalitazama tena, akitumaini kwamba limekuja kumshusha tu na litaondoka. Halikuondoka. Mzee akamweleza mpango wake, naye alikuwa ameufikiria, kosa lake si uvivu wa kufikiri. Mwenye nyumba amepandisha kodi kutoka laki moja na ishirini hadi laki moja na nusu. Basi wao watang'oa viti, wataweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji juu ya paa, na hawatalipa kodi tena mpaka wafe. Namkunda akauliza kama wafu wenyewe wangezikwa humo humo.

Mzee alileta daftari, wakaketi kwenye ngazi ya basi, akamsomea makadirio ya mwezi mmoja. Pensheni, laki nne. Dizeli, elfu sitini, kwa kuwa watakaa wiki kadhaa kila mahali. Gesi, elfu ishirini na tano. Chakula, laki moja na nusu. Simu, elfu kumi. Kodi, sifuri, na hiyo sifuri aliichora kubwa kama sahani. Kinachobaki, laki moja na elfu hamsini na tano, kila mwezi, cha kununulia mbao na bati. Kuanzia Juni hadi Februari ni zaidi ya milioni moja na laki tatu. Masika yakifika, paa liko juu.

Namkunda aliishia darasa la saba, lakini la hesabu. Alijumlisha mwenyewe mara mbili, hesabu ikakubali. Akauliza swali moja tu: basi litalala wapi?

Hapo ndipo Mzee Sangiwa alipoegemea mlango, akatikisa funguo, akamwambia mkewe, "Mama Nakiete, tuna ndugu kuanzia Muheza hadi Arusha. Nyumba ya magurudumu, ndugu kila kituo. Uwanja wa ndugu haulipiwi."

Ilisikika vizuri. Neno likisikika vizuri mno, wanangu, liangalieni chini, huenda lina shimo.

Walianzia Muheza. Kuishi ndani ya basi kuna mambo yake, na Namkunda aliyajifunza upesi. Ukifunga breki, sufuria zinakuja kukusalimu. Ukiishiwa chumvi, unakwenda dukani na kitanda chako. Lakini hayo aliyavumilia, kwa kuwa hayakuwa na bei. Yaliyokuwa na bei ni mengine, na hayakuwa daftarini.

Kwanza, huwezi kuingia uwanja wa watu mikono mitupu. Sukari kilo tano, sabuni, mchele, kitenge cha wifi. Pili, ukiwa Tanga mjini na ndugu yako wa Muheza ana shughuli, unatuma salamu na elfu kumi, watu wanakushukuru. Lakini ukiwa umelala uwanjani kwake, unaoga maji yake na kutumia choo chake, salamu utamtumia nani? Wewe si mgeni tena, wewe ni mwenye shughuli. Walikuta kipaimara cha mtoto, wakatoa. Walikuta ng'ombe mgonjwa, wakatoa. Mwisho wa Juni Namkunda alifungua daftari, akakuta wamebaki na elfu nne.

Mzee akasema mwezi wa kwanza ni wa kuzoea.

Julai wakahamia Korogwe, kwa mtoto wa baba mdogo. Siku ya sita ukatokea msiba. Watu wanatoa rambirambi, nao wakatoa. Kisha wazee wakakaa, wakakuna vichwa kuhusu usafiri wa kwenda makaburini, na macho ya wote yakageuka taratibu kuelekea lile basi la njano. Namkunda aliyaona macho yale yakigeuka. Akatamani kulifunika kwa khanga. Kitanda kikatolewa nje, kikakaa uani siku mbili kama mgonjwa anayeota jua, na basi likapeleka wafiwa na kuwarudisha, kwa dizeli ya nani, msiniulize.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa jinsi watu walivyolitazama basi lenyewe. Kila walipofika, ndugu walizunguka, wakachungulia madirishani, wakaona kitanda, jiko na pazia la maua, wakahitimisha kwamba mtu anayetembea na nyumba yake ni tajiri. Walimwita tajiri. Na Mzee Sangiwa, aliyeitwa dereva miaka thelathini na mmoja, neno hilo lilimwingia vibaya. Likitamkwa tu, mkono wake ulielekea mfukoni wenyewe.

Mwisho wa Julai hapakubaki hata elfu nne. Namkunda akalifunga daftari, akamwambia mumewe kwamba hapiki mpaka wazungumze. Alipendekeza wahamie kituo cha mafuta wanapolala madereva wa malori, shilingi elfu mbili kwa usiku. Elfu sitini kwa mwezi, na hakuna atakayewaomba kitu zaidi ya moto wa sigara. Mzee akasema kulipia mahali pa kulala ni kodi, na kodi ameiaga. Namkunda akamuuliza kama kuna mahali amesoma kwamba ujinga haulipiwi.

Wakafikia mapatano. Daftarini ukaongezwa mstari mpya, "ndugu", elfu ishirini kwa mwezi, isizidi hata wafe wote siku moja. Kinachobaki, laki moja na elfu thelathini na tano, Mzee atakituma kila mwezi kwa mwuza mbao wa Same. Na kwa kuwa miezi miwili ilishapotea, Namkunda mwenyewe ataziba pengo kwa vitumbua. Mzee akaapa.

Kuanzia hapo Namkunda aliamka alfajiri, akapika vitumbua kwenye mlango wa basi, Korogwe, kisha Mombo, mpaka ngozi ya vidole ikawa na harufu ya iliki hata baada ya kuoga. Kila mwezi aliuliza, mumewe akajibu kwamba ametuma. Mara moja aliomba namba ya huyo mwuza mbao. Akaambiwa ni mtu wa hasira, hapendi kupigiwa simu na wateja. Namkunda hakupenda jibu lile, lakini Septemba ikapita, Oktoba ikapita, Novemba ikapita, na kichwani mwake zilikuwapo mbao za laki tano na arobaini, zimepangwa juu ya mawe ili mchwa asizifikie. Zilimpa nguvu ya kukoroga unga.

Desemba wakawa Hedaru, karibu kabisa na Same, uwanjani kwa ndugu mwingine aliyekuwa akioza binti. Kulikuwa na vikao vya harusi kila Jumapili. Mzee alikwenda, akamwambia mkewe abaki, eti kikao ni cha wanaume watupu. Jumapili ya tatu kamati ikaagiza vitumbua mia mbili, wala haikujua kwamba mpishi hakutakiwa kuonekana. Namkunda akafika na beseni lake mchana kweupe, akakuta wanawake wamejaa, na katibu mwenyewe ni mwanamke, mwalimu Naelijwa, amesimama na karatasi.

Mnajua desturi ya vikao hivi. Orodha inasomwa kwa sauti, jina, ahadi na kilicholipwa, ili mkarimu asifiwe na mbahili aone haya. Namkunda alikuwa bado hajalitua beseni.

"Mzee Sangiwa," akasoma mwalimu Naelijwa. "Ahadi, laki tatu. Amelipa laki tatu, taslimu, mbele ya wote. Tumpe makofi ya kilo."

Wakampa. Namkunda akalitua beseni, akapita katikati ya viti hadi mstari wa mbele, ambako mumewe alikuwa amekalia kiti chenye mto.

"Baba Nakiete," akauliza kwa upole, na Mzee aliujua upole ule. "Huyo Sangiwa ni nani?"

"Akina Sangiwa tuko wengi. Ukoo mkubwa huu."

"Hakuna utata, mama," mwalimu Naelijwa akadakia, kwa kuwa walimu husikia hata minong'ono ya nyuma. "Nimeandika hapa, Sangiwa mwenye nyumba ya basi. Kwani wako wangapi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyetoka Mombo akainuka kuongeza baraka. Akasema mtu huyu Mungu amweke, kwa maana hata kwao Mombo, kwenye harusi ya mwezi wa kumi, aliwatolea laki mbili na arobaini, nao wakampa kiti cha mbele.

Laki tatu. Laki mbili na arobaini. Namkunda hakuhitaji daftari. Hata shilingi ya chenji haikubaki. Mbao zake zote zilikuwa zimevaa suti, zikaenda harusini.

"Na mbao?" akauliza.

Mzee akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Nilizilipia kwa fedha nyingine. Ziko Same kiwanjani, nimezifunika turubai. Tusiaibishane mbele za watu."

Huenda angepona hapo. Namkunda alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kuamini. Lakini upande wa bwana harusi, kiti cha nne, alikuwa ameketi fundi Mbwambo, kwa sababu bwana harusi alikuwa mtoto wa dada yake.

"Mama Nakiete," fundi akasema, "afadhali nimekuona. Nilikuwa kiwanjani kwako juzi. Hizo mbao mtanunua lini? Tofali za upande wa mlango zimeanza kumeguka."

"Hujaona turubai, fundi?"

"Turubai gani?"

Mzee Sangiwa alitazama kiatu chake kama vile jibu limeandikwa hapo. Kila kituo alikuwa amejivunia ndugu. Hakuwahi kuwaza kwamba ndugu ana macho, na kwamba ndugu huoa ndugu, na habari husafiri bila dizeli.

"Mbao zipo, fundi," akasema Namkunda. "Ziko hapo nje, za njano, zina magurudumu sita. Kesho asubuhi zinauzwa. Mwenye kuzitaka aseme sasa, na funguo ziko mfukoni mwa yule pale."

Mwalimu Naelijwa, ambaye hakuelewa vizuri lakini alikuwa na orodha ya kumaliza, akauliza kama mama naye ana ahadi yoyote kwa maharusi.

"Fedha sina, mwalimu. Niandikie maneno. Nyumba ya magurudumu, ndugu kila kituo."

Mwalimu akaandika. Watu wakaona ni neno zuri sana la sifa, tena kutoka kwa mke, wakampigia makofi ya kilo mbili. Aliyelielewa alikuwa mmoja tu, kwenye kiti chenye mto, na kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama yeye, naye akapiga makofi.